Tupeane uzoefu: Kuchora Kibo na mto kwa akriliki na kisu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaochora Kibo (kilele kirefu cha Kilimanjaro) na mito inayoteremka upande wa Moshi (Karanga, Weruweru) kwa rangi nzito ya akriliki (inayolainishwa kwa maji) na kisu butu cha kupakia rangi, siyo kunakili picha ya simu. Wekeni vipimo na makosa. Historia za maisha zina uzi wake.

Brashi Bapa: Kitambaa kwanza. Amerikani (kitambaa cha pamba) ivutwe mpaka ukiipiga kidole ilie kama ngoma, halafu praima (rangi nyeupe ya msingi) mikono miwili, wa pili ukivuka wa kwanza. Usichore juu ya weupe. Paka siena ya kuchoma (kahawia nyekundu) iliyolainishwa kwa maji turubai nzima, iache ikauke. Wekundu ukichungulia katikati ya bluu za mlima, picha inachangamka yenyewe.

Fundi Kisu: Nyeusi ya kopo iacheni, inaua picha. Altramarini (bluu iliyokolea) sehemu 2, siena ya kuchoma 1, unapata giza lenye uhai. Ongeza nyeupe kidogo kidogo kadiri unavyoshuka, kwa sababu ukungu hukaa chini: miguu ya mlima iwe hafifu kuliko mabega. Wengi hufanya kinyume, mlima unaonekana umebandikwa.

Theluji: rangi nzito, bila maji, chini ya tumbo la kisu. Laza kisu karibu kigusane na turubai, buruta mara moja kufuata mteremko, inua. Rangi ikatike yenyewe, mapengo ndiyo miamba. Ukirudia mahali palepale, au tabaka la chini likiwa bichi, unapata uji wa kijivu. Asubuhi, ukitazama kutoka Moshi, jua liko kulia: upande huo nyeupe na tone la njano, kushoto nyeupe na bluu.

Mgeni wa Rangi: Mto ukitoka kama barabara ya lami, kosa ni nini?

Mama Turubai: Kingo mbili zinazokwenda sambamba, mwanangu. Mto upungue upana kwa haraka unapokwenda mbali, kona za mbali ziwe bapa kabisa, na ukingo upotee kwenye majani hapa na pale. Maji hayana bluu yake, yanaazima ya mbingu na ya kingo. Baada ya mvua weka kahawia bila aibu. Brashi iende mlalo, ila panapoporomoka ifuate maji. Povu ni pale jiwe linapoyavunja tu.

Brashi Bapa: Naongeza: msichongoe Kibo kama piramidi. Ni kipana, kichwa bapa. Ukitaka kukoleza, koleza rangi, umbo liacheni.

Fundi Kisu: Hapo sikubaliani, mkuu. Umbo nalo linanyooshwa, mradi Mawenzi, kile kilele cha pili, ibaki kulia na iwe fupi.

Mgeni wa Rangi: Na rangi ya mafuta ya kopo, ile ya wachoraji wa Tingatinga, inachanganyika na hizi akriliki?

Mama Turubai: Juu ya akriliki kavu, sawa. Akriliki juu ya mafuta hubanduka kama ganda.