Bondia wa muongo mnampima kwa KO (kumlaza mpinzani asiendelee) na sifuri ya kutopoteza tu? Rekodi huwa mnazisoma kweli?

Wakuu, nimechoka. Kila ukianza mjadala wa bondia aliyetawala muongo mmoja kuliko wengine wote, watu wanamwaga vipande vya video vya Tyson akilaza watu, basi, kesi imeisha. Ukihoji unaambiwa hujui ngumi.

Haya, twende kwenye rekodi. Tyson aliingia ngumi za kulipwa Machi 1985. Nusu nzima ya kwanza ya miaka ya 80 hayupo, na mbabe wa uzito wa juu kipindi hicho alikuwa Larry Holmes. Mkanda wa kwanza Tyson kaupata Novemba 1986 kwa Trevor Berbick, na Februari 1990 Buster Douglas kamlaza kule Tokyo. Miaka mitatu na ushee! Ilikuwa ya kutisha, sibishi, Michael Spinks alilazwa ndani ya sekunde 91 tu. Lakini tunaongelea muongo. Marvin Hagler alishika uzito wa kati toka Septemba 1980 hadi Aprili 1987, akatetea mara 12, na bado mnamruka kama hakuwepo.

Halafu kuna wale wa "hajawahi kupoteza". Mayweather kati ya 2010 na 2019 alipanda ulingoni mara 10, na mojawapo ni dhidi ya McGregor, mtu aliyekuwa hajapigana hata pambano moja la ngumi za kulipwa. Ufundi wake nauheshimu sana. Ila mapambano 10 kwa miaka 10, huko ndiko kutawala?

Mimi nasema Sugar Ray Robinson, miaka ya 40. Aliingia Oktoba 1940, na mpaka muongo unakwisha alikuwa na mapambano zaidi ya 90, kapoteza moja. Moja tu, wakuu. Na mnaoishikilia hiyo moja kama doa, hebu itazameni vizuri. Februari 5, 1943, Detroit, mbele ya Jake LaMotta, bondia wa uzito wa kati aliyemzidi Robinson zaidi ya pauni kumi. Raundi ya nane LaMotta akamtoa nje ya kamba, kengele ndiyo ikamwokoa, na majaji wakampa LaMotta kwa haki. Sasa bondia wa leo angefanya nini? Angepumzika mwaka mzima, angedai mazungumzo, angebadilisha kocha. Robinson Februari 19 alikuwa ulingoni tena, akampiga Jackie Wilson. Februari 26, Detroit ile ile, akarudiana na LaMotta. Akaangushwa tena, akanyanyuka, akashinda kwa pointi. Mapambano matatu ndani ya wiki tatu, mawili na mtu mzito kuliko yeye! Na 1945 akampiga LaMotta mara mbili nyingine.

Kinachonitia hasira zaidi ni hoja kwamba "Robinson alikuwa bingwa miaka mitatu tu ya muongo huo". Ndiyo, mkanda wa welta (uzito ulio chini ya ule wa kati) aliupata Desemba 1946. Lakini aliuchelewesha nani? Fritzie Zivic aliyekuwa bingwa hadi Julai 1941 alipigwa na Robinson miezi michache baadaye, na Januari 1942 akapigwa tena. Sammy Angott alikuwa bingwa wa uzito mwepesi alipopigwa na Robinson 1941, mkanda haukuwekwa mezani. Vita ya Pili ya Dunia ikaja, Freddie Cochrane akakaa na ubingwa wa welta mpaka 1946, na aliyepewa nafasi ya kuugombea ni Marty Servo, ambaye Robinson alishampiga mara mbili! Unamfungia mtu mlango miaka yote hiyo, halafu unakuja kumhukumu kwa kuchelewa kuingia? Huo ni uonevu, na ninyi mnauendeleza.

Mtu pekee ninayekubali kukaa naye kwenye mjadala huu ni shabiki wa Carlos Monzon, bingwa wa uzito wa kati miaka ya 70. Hakupoteza hata moja muongo mzima, mkanda kautwaa kwa Nino Benvenuti 1970, katetea mara 14, kastaafu 1977 akiwa bingwa. Hapo kuna hoja. (Mashabiki wa Roberto Duran wa uzito mwepesi nao wana la kusema, ila Esteban De Jesus alimpiga 1972 na ikamchukua hadi 1974 kulipa kisasi.) Lakini Monzon alikaa kwenye uzito wake, na wakubwa kama Emile Griffith na Jose Napoles ndio waliopanda toka welta kumfuata. Robinson ndiye aliyekuwa akipanda. Mashabiki wa Monzon, nitajieni pambano moja la muongo huo ambalo mpinzani alimzidi mtu wenu uzito kwa pauni kumi, tuendelee.