Naomba ushauri: "mshenzi" ni tusi la tabaka tu, au lina ubaguzi wa asili?

Wanajamvi, heshima kwenu. Naandaa faharasa ya matusi kwa walimu wa Kiswahili, nimekwama kwenye alama za matumizi, yaani zile zinazoonyesha tusi ni la tabaka au la asili.

"Mtwana" na "mjakazi" hayana utata: ni maneno ya utumwa, uliofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Kazi iko kwa "mshenzi". Leo ni yeyote asiye na adabu. Ila karne ya 19 watu wa pwani walimwita hivyo mtu wa bara asiye Mwislamu, yaani yule aliyehesabika kuwa halali kukamatwa na kuuzwa. Kinyume chake, "mstaarabu", kina mzizi mmoja na "Mwarabu". Tusi na sifa vyote vimebeba asili ya mtu, na kulificha hilo ni kuwadhulumu wanafunzi. "Mshamba" nimelipa alama ya tabaka, ingawa mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa.

Kipimo changu: mtukanwaji akiwa tajiri wa mjini, je, tusi bado linamshika kwa asili yake? Kinakwama pale maana ya zamani imefifia.

Niweke alama mbili, au moja na maelezo ya historia? Na walioko Lamu na Mombasa, "mshenzi" bado linawalenga watu wa bara?