Nimeombwa pasipoti ndani ya basi, CHEMBA! Leo simung'unyi maneno

Mama_Alizeti
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Niko stendi ya Nanenane Dodoma, nimekalia dumu langu la mafuta, hata bajaji sijaita.

Ni yule konda wa basi la asubuhi, mnamjua, mwenye ukucha wa kidole cha mwisho mrefu kama kijiko cha chai. Nimetoka Goima, wilayani Chemba, kwa bodaboda gizani, nimepandia barabara kuu, nimekaa zangu. Kaja na kitabu cha tiketi. Kaangalia pua, kaangalia nywele, kainama sikioni kwangu: "WE-WE. PA-SI-PO-TI. U-NA-YO?" Kwa sauti ya spika ya mnadani! Basi zima kimya. Hata kuku chini ya siti alinyamaza.

Namwambia kaka, mimi Mburunge, kabila la hapa hapa Chemba, Kiswahili nimekuzidi. Akawageukia abiria: "Wahabeshi hawa wanafundishwa Kiswahili. Njia yao ya kwenda Sauzi ndiyo hii." Kisha mtihani: "Kama wewe wa hapa, mlenda unaungwa na nini?" Mimi! Ninayeuza karanga za kuungia huo mlenda! Kwa hasira nikasahau kutaja magadi, bibi mmoja siti ya nyuma akapaza sauti: "Hajasema magadi huyo, mshusheni!"

Najua wanaogopa, gari likikamatwa limebeba wahamiaji haramu dereva anaozea ndani. Lakini PA-SI-PO-TI? Anavyoikata vipande kama vile mimi kiziwi? Chemba?

Mzee_wa_Makole
Hii chai, na sukari imezidi. Ila magadi ungetaja, bi dada.

Mama_Alizeti
Mzee wangu shikamoo, lakini na wewe usinichokoze.

Kijana_Kasulu
Karibu chamani dada. Sisi Waha tumezaliwa watuhumiwa. Wewe umeulizwa mlenda, mimi niliulizwa mwenyekiti wa kijiji mwaka 1978 alikuwa nani, na nimezaliwa 1994! Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu, basi kila mwenye lafudhi ni Mrundi. Wale waliokimbia Burundi 1972, Serikali iliwapa uraia zaidi ya 160,000 mwaka 2014, wana vyeti vyao safi. Mimi cha kuonyesha ni kaburi la babu tu.

Tairi_18
Acheni kulia. Konda anatekeleza sera, tena kaanza mapema. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo tangu Julai 2010, watu watembee kwa uhuru. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwao kwa kitambulisho tu tangu 2014. Sisi tukang'ang'ania pasipoti. Hata ile viza moja ya watalii ya dola 100, wenzetu hao watatu wameungana, sisi tunachungulia dirishani. Na makao makuu ya Jumuiya yako Arusha!

Binti_Kizota
Tairi, Ethiopia wala haimo kwenye Jumuiya. Somalia ndiyo imeingia 2024, tukawa nchi nane. Mhabeshi hata ukiunganisha vitambulisho vyote hutamgusa.

Mama_Alizeti
MIMI SIO MHABESHI.

Binti_Kizota
Sijasema wewe, mama.

Tairi_18
Na wakimbizi ndiyo kabisa. Itifaki ikifika hapo inasema ifuatwe mikataba ya kimataifa, basi, kila nchi ikarudi kwenye sheria yake. Uganda wana sheria ya 2006, mkimbizi anapewa kipande cha ardhi alime. Sisi yetu ya 1998, kaa kambini. Mtu huyo huyo, vita hiyo hiyo, akivuka kushoto ana shamba, akivuka kulia ana uzio. Halafu mnamlaumu konda.

Mama_Alizeti
Nyie leteni itifaki, mimi naongelea PA-SI-PO-TI. Alinigusa hata bega, kwa ule ukucha!

Mtoto_wa_Kongwa
Ngoja. Konda mwenye ukucha? Huyo ana mia tano yangu ya chenji tangu mwaka jana. "Nitakupa tukifika." Tumefika, kayeyuka.

Kijana_Kasulu
Makonda wote baba yao mmoja. Mimi nadai elfu mbili ya Tabora.

Mzee_wa_Makole
Mimi aliniandikia chenji nyuma ya tiketi, halafu akaikusanya tiketi. Hapo ndipo nilipoona elimu inahitajika.

Mtoto_wa_Kongwa
😂😂 Mzee umepigwa mchana kweupe. Tumchangie nauli aende kuidai.

Tairi_18
Pandeni treni ya umeme, chenji mtaisahau.

Mtoto_wa_Kongwa
Treni ipite Chemba? Wewe dereva wa wapi?

Binti_Kizota
Mama Alizeti, hilo dumu lita ngapi? Ya dukani hapa bei imepanda.

Mama_Alizeti
Lita 20, yamekamuliwa juzi. Niko karibu na mama wa chapati, nimevaa kitenge cha njano. Njoo na hela kamili, chenji sina.