Naomba ushauri: kufunga arifa za tovuti kwenye kompyuta za steshenari

Wakuu, naombeni msaada. Kompyuta 4 za steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, zinatumiwa na kila mteja, na chini kulia hapaishi kuibuka "Kompyuta yako ina virusi". Si virusi, ni arifa ya tovuti: mtu alibonyeza Ruhusu kwenye tovuti ya kupakua muziki. Kufuta historia peke yake hakusaidii, ruhusa inabaki.

Kwenye Chrome nafungua chrome://settings/content/notifications, naondoa zilizoruhusiwa, nazuia tovuti zote zisiombe. Mteja mwingine anarudisha, na kila profaili ina orodha yake. Nataka kuweka sera ya Chrome iitwayo DefaultNotificationsSetting, thamani 2 (yaani zuia arifa zote), kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya kompyuta), barua pepe tu niiruhusu kwa NotificationsAllowedForUrls (orodha ya tovuti zinazoruhusiwa).

Firefox je, naifungaje mteja asibadilishe? Wazee wanaokuja kutuma maombi wanaogopa kweli ule ujumbe.