Atrazini mashambani juu ya mto: izuiwe Nyanda za Juu Kusini au iachwe?

Mleta mada (Mbeya): Wakuu, hoja yangu ni kwamba atrazini, dawa ya kuua magugu, isipulizwe kwenye mahindi ya miteremko inayolisha mito ya Usangu. Mvua za kwanza, Novemba na Desemba, ndizo za kupanda, na ndizo hizo vyura wengi hutagia. Dawa hii haishikamani sana na udongo, hivyo mvua kubwa ikipiga siku chache baada ya kupuliza, inateremka nayo. Kiluwiluwi kinaipata wakati tezi zake za uzazi ndiyo kwanza zinageuka korodani au ovari, na kosa la wakati huo halirekebishiki ukubwani. Tyrone Hayes, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, alichapisha mwaka 2010: vyura 40 wa Xenopus laevis (chura wa Afrika anayetumika sana maabara), wote madume kijenetiki, walikuzwa kwenye maji yenye mikrogramu 2.5 kwa lita. Asilimia 10 wakawa majike, wakapandwa, wakataga mayai hai.

Muuza pembejeo (Vwawa): Umesoma upande mmoja, mkuu. Kloas na wenzake, mwaka 2009, maabara mbili, chura yule yule, kuanzia mikrogramu 0.01 hadi 100: hawakuona athari. Tena atrazini haishiki kipokezi cha estrojeni, yaani sehemu ya seli inayopokea homoni hiyo ya kike, kwa hiyo wanaoiita estrojeni bandia wanakosea. WHO inaruhusu hadi mikrogramu 100 kwa lita ya maji ya kunywa. Ukimnyang'anya mkulima wa ekari tano dawa hii, palizi mbili za jembe la mkono atazilipia nani?

Mleta mada: Utafiti wa 2009 ulilipiwa na Syngenta, mtengenezaji mwenyewe. Hilo haliufanyi uongo, ila lisemwe. Kipokezi, uko sahihi. Njia yake ni nyingine: inaonekana kuchochea aromatasi, kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. DDE, mabaki ya dawa ya wadudu DDT, nayo huziba kipokezi cha androjeni, yaani homoni za kiume. Njia tofauti, dume anaumia vile vile. Na kiwango cha WHO ni cha mtu anayekunywa, si cha kiumbe anayepumua ndani ya maji hayo.

Mganga wa mifugo (Tukuyu): Naomba niwakatize, maana wafugaji wakisoma hapa watalaumu dawa ya magugu kila dume la nguruwe likikataa kupanda. Kagua mahindi kwanza. Fangasi wa Fusarium, yule wa ukungu wa rangi ya waridi anayependa baridi na unyevu wetu, hutoa sumu iitwayo zearalenoni, na hiyo inashika kipokezi cha estrojeni kwelikweli. Majike wachanga huvimba uke na kuwa wekundu kama wako kwenye joto kabla ya umri. Madume wachanga korodani hubaki ndogo na hamu hupungua. Ulaya inashauri chakula cha majike wachanga kisizidi miligramu 0.1 kwa kilo. Kosa kubwa ni pumba: mahindi yakikobolewa, sumu nyingi hubaki kwenye pumba, na nguruwe ndiye anayepewa pumba hizo. Kuchemsha hakuiondoi. Udongo wa bentonaiti hukamata aflatoksini, sumu nyingine ya fangasi, vizuri, lakini zearalenoni kidogo sana. Chambua mahindi, kausha hadi unyevu wa asilimia 13, badilisha chakula.

Mleta mada: Ahsante daktari, kwa nguruwe sina ubishi. Vyura lakini hawali pumba.

Mtu wa maji (Mbarali): Mnabishania shamba, mimi naogopa zaidi chupa. Atrazini ya gramu 500 kwa lita: mililita 10 zikibaki chini ya chupa ni gramu 5. Ikioshewa mtoni, inatosha kufikisha lita milioni mbili kwenye mikrogramu 2.5. Suuza shambani: maji robo chupa, funga, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba la kupulizia. Rudia mara tatu, kisha toboa chupa. Maji ya kusuuza bomba yapulizwe juu ya mahindi yale yale. Anayetaka kupima achukue maji kwa chupa ya kioo cha kahawia, iliyowekwa kwenye barafu. Plastiki hunyonya baadhi ya viuatilifu, kipimo kikatoka chini.

Muuza pembejeo: Kuhusu chupa nakubali, nitaanza kuwaeleza wateja dukani. Marufuku sikubali. Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu au za kudhuru mazingira ndani ya mita 60 za mto. Isimamiwe hiyo.

Mleta mada: Mita 60 kwenye tambarare ya Mbarali si sawa na mita 60 kwenye mteremko wa Mporoto. Na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vya Iringa na Njombe vimo ndani ya hizo 60 tangu zamani. Huko nako utasimamia vipi?

Muuza pembejeo: Vinyungu hulimwa kiangazi, magugu machache, jembe linatosha. Huko hata mimi siuzi.