Siku 14 za likizo: mzunguko wa Dar–Mwanza–Kampala–Kigali kwa nchi kavu una faida gani, na unapangwaje?

Vitenge_Dar ameuliza:

Wakuu, salaam. Nina likizo ya siku 14 na bajeti ya milioni 1.2. Sijawahi kuwa na pasipoti. Wazo langu ni kuzunguka kwa nchi kavu: Dar, Dodoma, Mwanza, Bukoba, Kampala, Kigali, kisha kurudi kwa mpaka wa Rusumo. Nyumbani wanasema ni kuchoma hela, kila kitu kipo kwenye simu.

Naomba wanaoijua njia hii wanijibu mawili. Msafiri anapata nini ambacho video haimpi? Na ni mambo gani hasa huvuruga safari ya namna hii? Nauza vitenge na nguo za watoto, kama hilo linasaidia.

KataMbuga:

Anza na makaratasi, ndiyo yatakayoamua tarehe ya kuondoka.

Pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000. Ombi linajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Unatanguliza 20,000 na zilizobaki unalipa baadaye. Tayarisha namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), cheti chako cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Kinachochelewesha wengi ni majina: NIDA inasema Mwanaidi, cheti kinasema Mwana Idi, na hapo unatafuta kiapo wiki nzima. Linganisha herufi kwa herufi kabla hujalipa hata senti. Na usidanganywe na habari za "Afrika Mashariki kitambulisho kinatosha". Huo ni mpango wa Kenya, Uganda na Rwanda wao kwa wao, kuanzia 2014. Tanzania haimo, kwa hiyo NIDA haikuvushi Mutukula, mpaka wetu na Uganda.

Ya pili ni chanjo ya homa ya manjano. Cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Uganda iko katika ukanda wenye ugonjwa huo, ndiyo maana kadi huulizwa ukiingia kule na ukirudi huku. Ni chanjo yenye kirusi hai kilichopunguzwa makali, kwa hiyo mjamzito, anayenyonyesha mtoto mdogo, mwenye kinga dhaifu na aliyevuka miaka 60 waongee na daktari kwanza. Jina kwenye kadi lifanane na la pasipoti. Kuna watu watakuuzia kadi bila sindano. Achana nao: kadi haizuii mbu.

Kwa hiyo mpangilio ni pasipoti, halafu chanjo, halafu siku 10, ndipo tiketi. Wengi hukata tiketi kwanza.

MamaKikuubo:

Mdogo wangu wa vitenge, nijibu upande wa faida, maana hapo ndipo nyumbani wanakubana.

Video itakuonyesha soko limejaa. Haitakuonyesha bei ya pili, ile inayotajwa baada ya muuzaji kujua unachukua kumi na si kimoja. Ukifika Kampala ingia Kikuubo, mtaa wa jumla uliobanana katikati ya mji, kisha Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Nenda asubuhi, siku ya kazi, bila begi mgongoni. Kwa kila bidhaa andika vitu vinne: bei ya moja, bei ya dazeni, asili yake (imetoka China, India au imeshonwa hapohapo), na anayesafirisha mzigo hadi Mutukula anatoza kwa kilo au kwa kifurushi. Ukirudi na kurasa kumi za namna hiyo, safari imelipa hata kama hukununua kitu.

Na kweli, safari ya kwanza usinunue mzigo. Sababu ni hii. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana utaratibu wa cheti rahisi cha uasili: mzigo usiozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapita bila ushuru wa forodha. Neno zito hapo ni uasili. Bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya. Kitenge kilichotoka China hakiwi cha Afrika Mashariki kwa sababu umekinunulia Kampala, na mtumba vilevile. Watu hulia pale mpakani kwa kutolijua hili tu. Nguo za watoto zilizoshonwa Uganda ni habari nyingine; ulizia hizo.

Faida nyingine ni kuona jambo unalolijua likifanywa vingine. Kigali abiria wa pikipiki anavaa helmeti, na nauli ya basi la mjini hulipwa kwa kadi ya kugusa, konda hashiki hela. Hapo ndipo unaanza kujiuliza kwa nini kwenu mambo yako yalivyo. Simu haikuulizi hivyo.

Njia_Panda:

Nyongeza juu ya njia yenyewe, kipande kwa kipande.

Dar–Dodoma panda SGR. Treni ya kawaida ilianza 2024 kwa nauli ya Sh 31,000. Beba kitambulisho ulichokatia tiketi na fika mapema, kuna ukaguzi wa mizigo na treni haisubiri mtu. Dodoma–Mwanza ni basi kutoka stendi ya Nanenane, safari ya kutwa nzima. Lala Mwanza siku mbili. Mwili usiopumzika hapo utakusumbua Kampala.

Mwanza–Bukoba sasa imekuwa rahisi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na jina la J.P. Magufuli, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo ile foleni ya kivuko haipo. Mabasi ya upande huo yaulizie stendi ya Nyegezi. Anayependa maji aulize bandarini ratiba ya meli ya usiku.

Bukoba–Mutukula ni kama kilomita 80. Hapa tulia, ndipo wageni wengi hukosea. Mutukula ni kituo cha pamoja: mhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Uganda unagongewa kwenye jengo moja, upande wa nchi unayoiingia. Vijana wa pikipiki watakuita "njoo nikuvushe haraka". Ukivuka bila mhuri, kesho huko mbele wewe ni mtu aliyeingia kinyume cha sheria. Hakikisha mihuri iko miwili, soma tarehe, ndipo urudi kwenye basi. Mwambie kondakta pia kuwa ni mara yako ya kwanza. Basi likijaa hawahesabu vizuri.

Fedha. Kumbuka kanuni moja tu: shilingi ya Uganda ni nyepesi kuliko yetu, faranga ya Rwanda ni nzito. Kwa hiyo ukibadili kwenda Uganda, tarakimu lazima iongezeke. Ukibadili kwenda Rwanda, lazima ipungue. Anayekupa kinyume chake anakuibia. Angalia kiwango kwenye simu kabla hujashuka, piga hesabu kwa kikokotoo chako, hesabu noti mkononi mwako mwenyewe kabla hujatoa zako. Mpakani badili za nauli na chakula cha siku moja, zilizobaki badili mjini.

Kati ya Masaka na Kampala utapita Kayabwe, penye mstari wa Ikweta. Shuka upige picha. Lile onyesho la maji yanayozunguka kulia upande huu na kushoto upande ule ni kiini macho. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuamua maji ya beseni. Anayemimina ndiye anayeyapa mwelekeo. Mpe hela yake kwa usanii.

Kampala–Kigali ni zaidi ya kilomita 500, asubuhi hadi jioni, kupitia mpaka wa Katuna. Upande wa Rwanda mizigo yote hushushwa na kupekuliwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kule tangu 2008, kwa hiyo nguo na viatu vipange kwenye mifuko ya kitambaa. Usipige picha mpakani, darajani wala penye askari.

Wa_Nyabugogo:

Kuhusu Rwanda, mambo madogo yanayokera.

Saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kampala kukiwa saa nne, Kigali ni saa tatu. Ukija unaipata saa ya bure, ukirudi Tanzania unairudisha, na hapo ndipo watu huachwa na basi. Tiketi isome kwa tarakimu za saa 24, usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Magari yanapita kulia. Ukivuka barabara angalia kushoto kwanza. Mlango wa basi nao uko upande mwingine. Soketi za umeme ni za pini mbili za duara, kwa hiyo chaja ya pini tatu nene ya Dar inahitaji adapta.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni Umuganda, kazi za jamii. Asubuhi maduka mengi yamefungwa na barabara ziko kimya hadi mnamo saa tano. Usipange kusafiri asubuhi hiyo.

Ukumbusho wa mauaji ya kimbari ulioko Gisozi, Kigali, walipozikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa 1994, upe nusu siku nzima. Kuingia ni bure. Usiuweke kati ya chakula cha mchana na soko, na usipange chochote kizito baada yake.

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini usitegemee kila muuza duka akijue. Nyabugogo, stendi kuu, utakisikia sana. Ofisini jaribu pia Kiingereza.

Msafiri_Kisumu:

Niwaongezee Wakenya wanaosoma hapa. Sisi kitambulisho kinatupeleka Kampala na hata Kigali kupitia Busia au Malaba, lakini mzunguko huu unaingia Tanzania, kwa hivyo beba pasipoti.

Anayefikiria kwenda na gari lake ahakikishe ana Yellow Card ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambuliwa ng'ambo ya mpaka, pamoja na kadi halisi ya gari. Kama gari si jina lako, beba barua ya mwenyewe iliyothibitishwa na wakili. Gari la usukani wa kulia kwenye barabara ya Rwanda linachosha, hasa kupita malori kwenye kona za milima. Basi ni afadhali.

Vitenge_Dar:

Nashukuru sana, wakuu, na dada wa Kikuubo hasa. Mawili yamebaki. Milioni 1.2 inatosha? Na kuna tofauti nikianza na Kigali badala ya Kampala?

Njia_Panda:

Inatosha kwa kubana, ikiwa pasipoti uliilipa kando. Tenga laki tatu na nusu za nauli za mzunguko mzima, laki nne za malazi ya gesti safi za kawaida, laki mbili za chakula. Laki mbili na nusu zilizobaki usizipangie kazi. Elfu hamsini ziwe za bodaboda, laini za simu na viingilio. Laki mbili zikae mahali tofauti na pochi, ziwe nauli ya kukurudisha nyumbani lolote likitokea. Kigali malazi yako juu, kwa hiyo ukiona hela inakatika, punguza usiku mmoja kule, usipunguze chakula.

Zima data ya nje kabla ya Mutukula, maana laini yako ikishika mnara wa ng'ambo salio linaweza kuyeyuka usiku mmoja. Laini mpya utasajiliwa kwa pasipoti. Nunua kwenye duka la kampuni, si kwa kijana wa mwavuli.

Siku: Dodoma 1, Mwanza 2, Bukoba 2, Kampala 4, Kigali 2, na 3 za kurudi. Usiongeze Bujumbura wala Nairobi. Kila mji unaoongeza unakula siku moja ya barabara na moja ya kupumzika, na mwishoni unarudi umeona stendi nyingi.

MamaKikuubo:

Mimi ningekwambia anza na Kampala. Soko ndilo lenye kazi ya kuandika, lifanye ukiwa na nguvu. Pia kutoka Kigali hadi Rusumo ni karibu kuliko kutoka Kampala hadi Mutukula, kwa hiyo siku ya kurudi nyumbani unawahi mpaka mchana.

Wa_Nyabugogo:

Ni kweli, kama kilomita 160 tu. Toka Nyabugogo na basi la kwanza la asubuhi. Rusumo nayo ni kituo cha pamoja, mihuri yote jengo moja, safari hii upande wa Tanzania. Tembea daraja uone maporomoko ya mto Kagera. Bwawa la umeme la megawati 80 lililo hapo linagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ukivuka, ulizia gari la Kahama kupitia Nyakanazi mapema, maana jioni yanakuwa haba. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke mfuko wa juu, wataiomba tena.