Mnaokodisha matela ya kulala hapa Mwanza mtakuja kuua familia za watu huko makorongoni

Wakuu habari za jioni, mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa magari ya kukodi, hii ni ishu nyingine kabisa.

Kuna jamaa hapa mjini anakodisha tela dogo la kulala, lina kitanda, jiko la gesi na tanki la maji, na tangazo lake limeandika wazi kwamba linahimili porini. Nikamwambia naenda Korongo la Olduvai na familia, naingilia geti la Ndabaka, nakata Serengeti mpaka geti la Naabi ndo nashuka upande wa Ngorongoro, na kwenye mkataba tukaandika hivyohivyo. Akapokea hela ya kukodi na dhamana laki tano juu.

Sasa ile njia ukiiacha lami pale Ndabaka ni rafu rodi, ukishatoka Naabi ndo rasta tupu (vile vituta vidogovidogo vya mfululizo) na vumbi, na mvua inaishia ng'ambo ya milima ya Ngorongoro kwahiyo huku chini kiangazi hupati hata dimbwi. Mtu anayekodisha tela la kwenda huko anatakiwa aanze na beringi, tairi na maji. Huyu vyote vitatu zero!

Hatujafika hata njia panda ya Olduvai tela likaanza kuvuta upande, nasimama, nagusa habu pale katikati ya tairi beringi inapokaa, inaunguza. Fundi alivyokuja kufungua grisi imekauka imekuwa nyeusi tii, beringi imesagika vile vigololi vinamdondokea kiganjani vipandevipande. Tairi kazipaka dawa zinang'aa, ila zile namba nne ubavuni zinasomeka 1413, yaani wiki ya 14 mwaka 2013, tairi la mwaka huo unambebea mtu na watoto wake kweli?? Koki ya tanki nayo inavuja, maji yote yameishia njiani tumebaki na ya chupa tu kwenye gari.

Fundi katoka Karatu kwa hela yangu, kibali cha saa 24 cha kuingia hifadhini kikaisha tukiwa tumekwama, nikalipia tena familia nzima. Watoto walikuwa na hamu ya kuona pale Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa kale, 1959, walitaka waone lile tabaka jekundu na ule mchanga mweusi wa majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai unaosukumwa na upepo. Korongo tumelichungulia kwa juu tukageuza, mchanga hatujauona kabisa. Hili linaniuma kuliko hata hela.

Narudi Mwanza jamaa ananiambia eti nimelipeleka tela rafu rodi, dhamana hairudi na beringi nimlipe. Mkataba si umesaini mwenyewe? Sasa hivi meseji anasoma anakaa kimya.

Mnaotaka kukodi, kabla hujatoa hata mia piga jeki kila tairi uizungushe kwa mkono, ikikwaruza au ikicheza ondoka. Soma namba za tairi, jaza tanki uliache lilale na maji uone asubuhi yamebaki mangapi.

Na kama kuna mdau aliyewahi kupeleka malalamiko FCC (Tume ya Ushindani) akarudishiwa chake anielekeze anaanzia wapi, karatasi zote ninazo. Wewe mwenye tela najua utausoma huu uzi, usinipigie kuniomba niufute, rudisha laki tano yangu kwanza.